Gorfa Haikuwa Kitu cha Kale

Shangazi yangu alikuwa na maneno yake ya vitu vilivyozeeka, na ole wako uyachanganye mbele ya mteja. Duka lake lilikuwa chumba cha mabati kando ya barabara kuu ya Isiolo, pale yalipopita magari ya watu wanaokwenda kutazama wanyama kaskazini. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi kwetu mlimani, Umeru, nikakosa nafasi ya kuendelea, basi nikateremshwa kwake nimsaidie. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mdomo wa watu watatu.

Kuukuu, alinifundisha, ni kitu kilichochoka lakini bado kinaweza kusukumwa: taa ya chemli yenye kioo kilichopasuka, jembe lililolika hadi nusu. Kwa kitu kuukuu humwelezi mteja habari za mababu, unamwambia kitadumu mvua ngapi. Kitu cha kale ni kingine kabisa. Hicho umri wake ndio heshima yake, kama kigoda cha Mturkana kilicholaza vichwa vya wanaume watatu wa ukoo mmoja hadi kikang'aa, au zile sarafu kubwa za fedha kutoka Uhabeshi zenye kichwa cha malkia mnene. Kioja ni kile ambacho macho hayajapata kukiona, hata kama kimetengenezwa juzi. Tulikuwa na yai la mbuni lililochorwa ramani ya Kenya, na mchoraji wake alikuwa bado anapita kila asubuhi kuomba chai. Ukumbusho ni kile ambacho mgeni hakipendi chenyewe. Anapenda safari yake, na anataka kitu cha kuishikilia. Tunu haikuwa na rafu. Tunu hupewa, alisema, haiuzwi. Na siku akikasirika, vyote hivyo, pamoja na malkia wa Uhabeshi, viligeuka kuwa makorokoro.

Kila rafu ilikuwa na karatasi yenye jina lake, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilijivunia karatasi zile kuliko vitu vyenyewe. Nilijiona nimeyajua maneno yote, na mtu akijua jina la kitu, nilidhani, amekijua kitu.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge. Magari ya kaskazini yalikwenda kwa msafara wa askari, na jua likizama kila mtu alikuwa ndani kwa sababu ya kafyu. Wageni wa wanyama walipungua, wakabaki maofisa na watumishi wa serikali waliotaka kitu cha kupeleka nyumbani. Waborana waliokuwa wakifuga upande wa Sericho walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba na kulindwa, na mifugo yao ikateketea. Wao wenyewe waliuita wakati ule gaf daba, yaani wakati wa kuzuiwa. Sisi watu wa mlimani walituona kama watu wa serikali, ijapokuwa serikali yenyewe haikutujua hata kwa sura. Nasi tuliwaona wao kama kwamba kila mwenye kilemba amelala na bunduki. Nasema kweli, hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipoona shuka ya Kiborana mlangoni, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kisanduku cha pesa.

Shangazi hakuwa hivyo. Alikuwa na rafiki yake, mama mmoja wa Kiborana, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Tangu siku za amani mama huyo alimletea samli, na shangazi akampa mahindi na maharagwe ya mlimani. Sasa samli haikuwepo tena. Mama aliishi katika kijiji kimoja cha miiba nje kidogo ya mji, na cheti chake kilimruhusu kuingia mjini kwa saa chache tu. Katika mali yote aliyopata kuwa nayo alibakiwa na ng'ombe mmoja, binti mmoja aliyechumbiwa, na gorfa.

Gorfa ni chombo cha maziwa cha Waborana. Hufumwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa na kubanwa hadi maziwa hayapati pa kutokea, kikawa na kifuniko chake na ukanda wa ngozi wa kubebea. Ile ya mama yule alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alipewa na wake. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, maana kwao chombo cha maziwa hufukizwa kwa makaa ya mti maalumu kila kinapotumika. Sasa ilikuwa zamu ya binti. Siku ya harusi mama humkabidhi bintiye gorfa ikiwa na maziwa ndani. Haitolewi tupu hata kidogo, kwa sababu ni kama kumwombea nyumba kavu.

Aliileta kwetu yapata mwezi mmoja kabla ya harusi.

"Salaam aleikum," alisema mlangoni.

"Habari yako, mama," shangazi akajibu. Kila mmoja na salamu ya dini yake, na hakuna aliyemsahihisha mwenziwe.

"Niwekee hii mpaka harusi. Kule askari anapekua nyumba, anamwaga vitu, anakanyaga. Hii nikikanyagiwa, mtoto yangu ataenda mikono tupu."

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Akaitundika msumarini nyuma ya pazia, tulikolala sisi, akanigeukia. "Hii ni amana. Usiiguse." Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia, kwa sababu nilisikia vizuri kabisa.

Halafu shangazi akapanda mlimani kwenye mazishi ya jamaa, akaniachia duka kwa wiki moja. Siku ya pili aliingia bwana mmoja wa ofisi, suruali imepigwa pasi kama kisu. Alitazama rafu zangu bila hamu, kisha upepo ukapeperusha pazia akaiona gorfa.

"Hicho ndicho kitu cha kale," alisema. "Hivi vingine mnacheza."

Nilimwambia hakiuzwi. Akasema hata kama hakiuzwi, kwa nini kifichwe? Kitu kama hicho kingelipa duka sura. "Lakini kisafishe, msichana. Kinanuka moshi. Wewe una jicho, naona umelipanga duka vizuri." Kilemba cha ukoka hicho nilikivaa hadi kikanifunika masikio. Nikajiambia kwamba kuweka rafuni si kuuza, na kusafisha si kugusa vibaya. Kwa kweli nilidhani nawafanyia wema wote wawili, shangazi na rafiki yake.

Niliiosha gorfa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Nilisugua ndani kwa brashi hadi maji meusi yakawa ya kahawia na ya kahawia yakawa meupe, na kila yalipobadilika nilifurahi. Niliianika juu ya mabati, kwenye jua la mchana la Isiolo, ambalo wenyewe mnalijua. Ilipokauka nikaona imepauka, imekuwa kama mfupa. Nikachukua rangi ya viatu, ya kahawia, nikaipaka nje, nikaipaka ndani hadi mkono ulipofika, nikaifuta kwa kitambaa ikameta. Nikaipandisha rafuni na kuiandikia karatasi yake peke yake, kwa herufi kubwa: KITU CHA KALE. HAKIUZWI.

Siku tatu baadaye mama alikuja kuijulia hali. Aliingia, akasalimu, akatazama kwenye pazia, akatazama rafu, akarudisha macho kwenye pazia. Hakuitambua. Hilo linaniuma hadi leo, kwamba aliiangalia gorfa ya mama yake akaipita kama kitu cha watu wengine. Kisha macho yakarudi yenyewe.

"Intala," akaniita, yaani binti. "Hiyo karatasi inasema nini?"

"Inasema kitu cha kale."

"Kale ni nini?"

Hapo nikapata nafasi yangu. Nikamweleza kama mwalimu: si kuukuu, mama, usidhani nimekitukana, cha kale ni kilichozeeka kwa heshima, watu wanatoka mbali kuja kukitazama.

"Watu wanakuja kutazama mzee," akasema.

"Ndiyo, mama. Kwa sababu ni mzee."

"Basi andika na yangu karatasi, nikae hapo juu nayo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliishusha gorfa, akaitoa kifuniko, akaingiza pua ndani, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni wamelala kitandani.

"Umeweka nini huku?"

"Nimeisafisha, mama."

Aliomba maji. Akamimina kidogo ndani, akaiinua. Maji yakatoka chini, yakatoka ubavuni, yakatoka karibu na ukanda. Jua lilikuwa limezikausha nyuzi hadi zikaachana. Ikavuja kama kikapu. Akaketi sakafuni, gorfa mapajani, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hii si ya kale," alisema. "Kale imemaliza kazi. Hii iko na kazi Ijumaa ile ya pili. Sasa maziwa ya mtoto itakaa wapi?"

Nilingoja matusi. Niliyajua yale ambayo watu walitupiana mjini siku zile, na nilikuwa nimestahili yote. Angesema nyinyi watu wa mlimani mmetumalizia ng'ombe, sasa mmekuja kwenye vyombo, ningemjibu nini?

"Nani alikufundisha kuosha?" akauliza.

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Lakini alikufundisha sufuria."

Basi, hayo tu. Nikalia kwa kelele, mdomo wa watu watatu wote ukilia. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimeingia gizani nikitembea kifua mbele.

Shangazi aliporudi kesho yake nilikiona cha mtema kuni. Aliichana ile karatasi vipande vidogo. Aliniita makorokoro, mimi mwenyewe, na nikaona jina hilo limenifaa. Yule bwana wa ofisi alipopita kuuliza, shangazi alimuuzia yai la mbuni na kumfunga mdomo. Kisha akafunga duka na kwenda kumsubiri rafiki yake pale watu wenye vyeti walipoingilia mjini. Mama alipofika hakuombwa msamaha kwanza. Aliulizwa: "Ili irudi, tunahitaji nini?"

Kulihitajika majivu, magome ya mgunga, samli kidogo, na kuni za ejersa. Ejersa ni mzeituni mwitu. Ndio unaoufanya moshi ushike kwenye nyuzi na kuyalinda maziwa. Lakini mti huo unapenda ukungu, hauoti kwenye bonde letu la vumbi, na wanawake wa kijiji cha miiba hawakuruhusiwa kwenda hata hatua mia kutafuta kuni. Shangazi alifikiri kidogo, akaenda kwenye kituo cha magari ya miraa akamwambia dereva mmoja. Vita vilikuwa vita, lakini miraa ya Isiolo haikupata kuchelewa hata siku moja. Keshokutwa mzigo wa mzeituni mwitu ukashuka kutoka kwetu mlimani, umefungwa kwa majani ya migomba katikati ya mabunda.

Zilibaki siku nane. Kila mama alipopata ruhusa alikuja, tukaketi nyuma ya duka yeye na mimi, gorfa katikati. Siku ya kwanza nilisugua kwa majivu na maji ya moto, kisha akanipa mwiba mrefu wa mgunga, nikachokoa rangi ya viatu kutoka katikati ya nyuzi, uzi mmoja baada ya mwingine. Mgongo uliniuma na vidole vikatoboka. Alikuwa akinitazama tu, na nikiruka mahali alipagusa kwa kucha: hapa. Tulichemsha magome, tukaijaza maji yake mekundu, tukaiacha siku mbili. Nyuzi zilikunywa, zikavimba, zikashikana tena. Nilipoiinua na tone halikuanguka, nilitaka kuruka. "Bado," akasema. "Hii sasa inashika maji. Maziwa ni kitu ingine."

Tukaipaka samli. Tukatia makaa ya mzeituni ndani, tukafunika, tukaitikisa, tukaimwaga, tukarudia. Jioni ile alituma maziwa ya ng'ombe wake mmoja, tukayalaza humo. Asubuhi alikuja, akamimina kwenye kifuniko, akanipa mimi.

"Wewe uliharibu, wewe utaonja."

Nilionja. Nikatema. Akaonja na yeye.

"Kiatu ya askari," alisema.

Yalikuwa maziwa ya siku nzima ya ng'ombe pekee, katika mwaka ambao watoto kijijini kwake walikuwa wakilia njaa. Hayakumfaa mtu. Tuliyamwaga chini, na sikuweza kumtazama usoni. Tukafukiza tena mchana kutwa. Maziwa ya siku ya pili nayo tukayamwaga, lakini safari hii alikunja uso kidogo tu, akatikisa kichwa.

"Kiatu ya mtoto."

Nikamwangalia nione kama ni ruhusa kucheka. Ilikuwa ruhusa. Tulicheka sisi wawili, nyuma ya duka, hadi shangazi akatoka kuuliza kuna nini. Tangu siku ile mkono wangu haukukimbilia tena kisanduku nilipoona shuka mlangoni. Nataka niseme wazi, kwa kuwa wakati ule sikujua kusema: namshukuru mama yule. Alikuwa na kila sababu ya kunichukia, na mimi nikampa nyingine juu yake. Yeye akanipa mwiba na kunionyesha pa kuchokoa. Nimepata walimu wengi baadaye, wengine na vyeti ukutani, na sijapata aliyenishinda kwa upole namna ile.

Jumatano, siku mbili kabla ya harusi, alionja. Akaonja tena. Kisha akanywa yote yaliyokuwa kwenye kifuniko, taratibu, macho amefumba, na hakunipa. Nikajua.

Ijumaa waliruhusiwa watu kumi na wawili kutoka kijijini, kumpeleka bibi harusi kwa wakwe zake mjini. Nilikwenda kijijini na shangazi kuwaaga tu, hatukualikwa zaidi ya hapo. Mama alitoka na gorfa imejaa, akawapita shangazi za bintiye, akanivika ukanda begani. Wanawake wakamwuliza kitu kwa Kiborana, kwa sauti ya kushangaa. Akawajibu neno moja au mawili. "Nimesema wewe ndiye umefukiza," akanifasiria. "Mwenye kufukiza abebe."

Kizuizi kilikuwa kati ya kijiji na mji: mapipa mawili, gogo, na askari kijana mwenye ufito wa chuma. Kila chombo kilichopita alikichoma kwa ufito ule, unga, maziwa, chochote, akitafuta risasi. Nilikuwa nimeona vibuyu vilivyotobolewa vimetupwa kando ya njia. Nyuzi zile zilikuwa zimeshikana kwa siku chache tu. Ufito ukigonga chini mara moja, binti angefika kwa wakwe na chombo kitupu, na maziwa mengine hayakuwepo.

Askari alinitazama uso, akageuza lugha. Akanisemesha Kimeru.

"Wewe ni wa kwetu. Unatafuta nini na hawa? Na kikuukuu hiki ulichobeba ni cha nani?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno yote ya rafu za shangazi. Sikukumbuka hata moja.

"Ni cha mama yangu," nikasema.

"Mama yako ni Mborana?"

"Huyu hapa."

Alimtazama mama, akanitazama mimi, akainua ufito. Nilifungua kifuniko mwenyewe, nikakijaza maziwa, nikampa. Mengine yakanimwagikia kidoleni. Aliyanusa kwanza. Akanywa, akasimama na kifuniko mkononi, akakirudisha.

"Mzeituni," alisema, si kwangu hasa, kama mtu aliyenusa kwao mlimani. Akaegemeza ufito kwenye pipa na kuinua gogo.

Tulipita wote. Tulipofika mbali kidogo mama akaja kando yangu.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza chombo ni cha nani."

"Na wewe umesema?"

Nikamwambia nilivyosema. Alitembea hatua kadhaa akiangalia mbele, kisha akanyoosha mkono, akaurudisha juu ya bega langu ukanda uliokuwa umeteleza.

"Tembea pole pole, intala," akasema. "Usimwage maziwa ya dada yako."